Masta ya afya ya jamii imufuate muuguzi Walikale, isimutoe

Ndugu vijana wenzetu wa Goma, Masisi, Walikale, na ninyi wote mulio mbali na nyumbani kwa ajili ya vita,

Matangazo ya masta ya afya ya jamii yanapita kila mara katika simu zetu: masomo kwa watu walio kazini. Maneno ni mazuri. Tuulize tu: kazini wapi? Sababu mutu anayefanya kazi Kibua ao Itebero, mahali pikipiki yenyewe inasukumwa katika matope, ile masta haikuandikwa kwa ajili yake. Iliandikwa kwa mutu wa ofisi, mwenye umeme, mwenye rezo, mwenye mushahara unaoingia kila mwisho wa mwezi.

Mimi niko na lisansi ya afya ya jamii na sina kazi. Nikipewa hiyo masta kesho, nakimbia. Karibu kila tangazo la kazi linaomba masta na miaka mitano ya uzoefu. Kijana wa miaka 25 ataitoa wapi hiyo mitano? Lakini nasema wazi: nafasi za kwanza hazipashwi kuja kwetu sisi wa Goma. Ziende kwa waganga na wauguzi wa zoni nane za afya: Masisi, Kirotshe, Mweso na Katoyi kwa upande mumoja, Walikale, Pinga, Kibua na Itebero kwa upande mwingine.

Chukua chanjo ya surua. Ili kujua kama watoto wamechanjwa vya kutosha, unahesabu waliochanjwa, unagawanya kwa hesabu ya watoto wote wa eneo. Hiyo hesabu ya pili inatoka wapi? Sensa ya mwisho ya inchi yetu ilifanyika 1984! Wengi wetu wazazi wetu walikuwa bado watoto. Tangu pale ni kukadiria juu ya kukadiria. Halafu vita inafika Masisi-centre, Januari 2025, watu wanakimbia. Kijiji kimoja kinabaki tupu, kingine kinapokea familia ambazo haziko katika karatasi yoyote. Kwa ripoti, kituo kimoja kinaonekana kimechanja watoto zaidi ya mia kwa mia, kingine kinaonekana kimelala. Kumbe wote wamefanya kazi. Mukubwa anasoma namba toka mbali, anatuma chanjo mahali zisipohitajika. Muuguzi anayeelewa hesabu hiyo angeona kosa siku ileile. Angeita wale watu wa kujitolea tunaita reko, wapite nyumba kwa nyumba, wahesabu upya. Hiyo njo epidemiolojia. Huwezi kuifundisha vizuri katika chumba cha Kinshasa, na mwenye kuihitaji hayuko Kinshasa.

Tukumbuke Ebola, 2018 mpaka 2020: wafu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na ugonjwa ulifika mpaka Pinga. Mutu wa kwanza kuona homa ya namna ile haiko mutaalamu wa Geneva. Ni muuguzi wa kituo.

Na mutu asituambie kwamba porini hakuna elimu. Katika miaka ya 1970, Kasongo, kule Maniema kwa majirani wetu, waganga wa Zaire na wa chuo cha Antwerp walijaribu namna ya kupanga vituo vya afya na hospitali kama kitu kimoja. Mwaka 1981 walichapisha uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua, na wasomi wa dunia nzima wakausoma. Kisha Kinshasa ikapata shule yake ya afya ya jamii katika miaka ya 1980, Bukavu pia iko na yake katika chuo kikuu cha Wakatoliki. Ni shule nzuri. Shida ni njia. Munganga mkuu wa zoni anaenda kusoma, zoni inabaki kwa mutu wa kukaimu. Akirudi na diploma, shirika kubwa linamupa feza ambayo serikali haijawahi kumupa. Hatumulaumu. Wenzake wengi wanaishi kwa kile mugonjwa analipa. Na tangu M23 ilichukua Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki yakafungwa: hata feza ya masomo uilipe kupitia wapi?

Majirani walishajaribu njia ingine. Katika miaka ya 1990 Makerere, Uganda, na chuo cha Zimbabwe walianzisha masta waliyoiita shule bila kuta. Mwanafunzi alipitisha muda mwingi katika wilaya, akifanya kazi ya kweli chini ya macho ya mwalimu.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Mwalimu asafiri, mwanafunzi abaki. Masomo yawekwe katika fulashi, sababu rezo ya Walikale tunaijua. Kazi ya mwisho ichunguze tatizo la zoni yenyewe na ibaki pale, na muhtasari wa Kiswahili, isioze katika kabati ya chuo. Na wauguzi wa A2 na A1, ambao hawana haki ya kuingia masta, wapewe ngazi ya kupandia, vinginevyo tutakuwa tumewasaidia waganga peke yao. Kwa majuma ambayo wanafunzi wako darasani, sisi wenye diploma bila kazi tuko hapa: mututume kuwasaidia, kwa mushahara, si kwa asante.

Feza iko. Walikale ni karibu kubwa kama Rwanda nzima, na Bisie ni kati ya migodi mikubwa ya bati duniani. Sheria ya migodi ya 2018 inasema 15 kwa mia ya ushuru wa madini inarudi kwa sekta ao shefferi ya pale, 25 kwa mukoa, na kampuni inaweka 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Wakubwa wa mukoa watuonyeshe hesabu hiyo. Tunataka kuona mustari mumoja ulioandikwa: masomo ya wauguzi wa Walikale.