Mkwaruzo wa gari la kazi: usikimbilie kupiga rangi mlango mzima



Leo tuongelee mikwaruzo. Humu ndani kuna wenzetu wenye Probox za kusambaza mikate, Noah za kupeleka watoto shule, IST za taksi za mtandao, na wale wa Kirikuu ambao kila wiki gari linarudi na alama mpya, mara tela la mkokoteni, mara geti la mteja, mara bodaboda kapenya kwenye foleni na kuacha sahihi yake ubavuni.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubali ajiandae kunijibu. Mikwaruzo mingi inayowapeleka watu gereji inatengenezeka nyumbani, kwa mkono, Jumapili asubuhi. Na ile inayobaki, mingi haihitaji kupendezeshwa, inahitaji kuzibwa tu isile kutu. Kupiga rangi mlango mzima kwa ajili ya mstari wa sentimita 10 ni kuchukua mtaji na kuupaka kwenye bati.

Tupige hesabu kidogo, bei ni za mfano, wewe weka za mtaani kwako. Kirikuu inakuachia 40,000 kwa siku ukishatoa mafuta. Fundi kakwambia mlango ni 150,000, "kesho kutwa njoo uchukue." Kesho kutwa ya gereji mnaijua wenyewe. Gari likilala siku 4 umekosa 160,000 juu ya ile 150,000. Mstari wa kidole umekula 310,000, na hapo sijamtaja mteja wako wa saa 11 alfajiri ambaye siku ya pili tu alishapata gari lingine la kumbebea mzigo. Huyo kumrudisha ni kazi kuliko kutoa mkwaruzo.

Sasa ili ujue lipi ni la kwako na lipi ni la fundi, lazima uelewe gari limepakwaje. Juu ya bati kuna praima, juu ya praima kuna rangi yenyewe, halafu juu kabisa kuna utando usio na rangi, mafundi wengi wanauita klia. Huo ndio unaong'aa na ndio unaopokea jua, vumbi na kucha za watu. Rangi yote ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa kama maikroni 100 hadi 150, yaani sehemu ya kumi ya milimita na ushee. Klia peke yake ni kama 40 au 50. Unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko hapo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "sugua tu mpaka itoke", jua anaongea kuhusu kitu chembamba kuliko unywele, na kikiisha hakirudi. Kila unapopiga kompaundi unachota kidogo. Ni kama akiba ya kikoba, unaruhusiwa kutoa, ila ujue unatoa.

Kipimo chenyewe ni cha bure. Osha hapo mahali, kausha, kisha mwagia maji safi juu ya mkwaruzo. Ukipotea wakati kuna maji na ukarudi ukikauka, huo upo kwenye klia, ni wa kwako. Ukionekana hata na maji, umeshuka chini zaidi. Kisha pitisha ukucha taratibu, bila kukandamiza. Ukucha ukiteleza, vizuri. Ukinasa, hapo kompaundi peke yake haitatosha. Na ukiona bati linang'aa au rangi ya kahawia, acha habari za urembo, hilo ni suala la kutu na lina haraka yake, nitalifikia.

Kuna aina nyingine watu huidhani ni mkwaruzo kumbe sio. Umegusa nguzo ya geti ya buluu, gari lako jeupe, sasa una mstari wa buluu. Mara nyingi hiyo ni rangi ya geti imehamia kwako. Kitambaa laini chenye mafuta ya taa kidogo, sugua polepole, osha na sabuni, halafu ndio uangalie kilichobaki chini yake. Unaweza kukuta hakuna kitu. Ila tina usiiguse. Tina inayeyusha rangi, na kama gari lilishawahi kupigwa rangi hapa mjini kabla hujalinunua, utaona mlango unakulilia mkononi.

Kwa mkwaruzo wa kwenye klia, vifaa ni vichache: kompaundi ya magari, polishi, waksi, na taulo tatu nne za maikrofaiba zilizo safi. Gari liwe kivulini na bati liwe la baridi. Hili la kivuli watu wanalipuuza, wanaanza kazi saa 7 mchana jua la utosi, kompaundi inakauka kabla hawajasugua, wanabaki wanasugua vumbi. Fanya asubuhi. Osha eneo lote vizuri kwanza, maana chembe moja ya mchanga chini ya taulo inakutengenezea mikwaruzo mipya 30 wakati unatoa mmoja. Taulo likianguka chini, hilo limestaafu kwa leo, usilikung'ute ukaendelea.

Weka kompaundi kiasi cha punje ya harage, fanya eneo la viganja viwili tu, sugua kwa nguvu ya wastani, futa, tazama. Rudia kama mstari umepungua lakini haujaisha. Ukirudia mara tatu nne na hakuna badiliko, acha. Hapo ndipo watu wanapoharibu, wanashindana na mkwaruzo. Umefifia kwa asilimia kubwa, kutoka hatua mbili hauonekani, gari la kazi linataka nini zaidi? Maliza kwa polishi kurudisha mng'ao, kisha waksi. Kingo za milango na ile mistari iliyokunjwa kwenye bati uziogope, klia hapo ni nyembamba kuliko kwingine, ukikaza mkono unatokea kwenye rangi.

Msasa wa maji, namba 2000 na 3000, unafanya maajabu kwa mkwaruzo mgumu kidogo. Lakini sikushauri uanze nao kwenye gari linalokulisha. Nenda gereji ya jirani, omba au nunua kwa bei ya chuma chakavu boneti ya gari lililogongwa, ipeleke nyumbani, ikwaruze mwenyewe na msumari, kisha jifunzie hapo. Haribu hiyo mpaka mkono uzoee. Na usije ukatumia msasa mkavu ule wa mbao, jamani. Wala steelwaya ya kuoshea masufuria.

Dawa ya meno? Ina chembe za kusugulia, ndio maana inafifisha alama ndogo sana. Lakini haikutengenezwa kwa rangi ya gari, huwezi kujua chembe zake ni kali kiasi gani, na inaacha ukungu ambao itabidi uje uupige polishi. Kwa bei ya tyubu tatu za dawa ya meno na muda wako, bora uchange kidogo ununue kompaundi. Kiwi ya viatu kwenye gari jeusi inaficha, haitengenezi. Na zile chupa zinazouzwa kwenye foleni, kijana anapaka kwenye boneti yako, mstari unapotea mbele ya macho yako, nyingi ni mafuta na nta zinazojaa kwenye mfereji wa mkwaruzo. Mwambie apake, kisha muoshe hapohapo na maji ya sabuni mara mbili. Mstari ukibaki haupo, mpe hela yake, kaistahili.

Haya, mkwaruzo uliofika kwenye bati. Wale wenzangu wa Dar, Tanga, Bagamoyo, Zanzibar, Mombasa, hewa yetu ina chumvi na unyevu, bati lililo wazi halisubiri. Kutu haibaki kwenye mstari, inatembea chini ya rangi, baadaye unaona rangi imevimba kama lengelenge, ukibonyeza inabomoka. Hiyo ndiyo inayogeuza kazi ya elfu chache kuwa kazi ya kukata bati na kuchomelea. Kwa hiyo hapa haraka ni muhimu kuliko uzuri. Kwangua kutu yote kwa kipande kidogo cha msasa kilichokunjwa, eneo lilelile la mkwaruzo tu, futa vumbi na mafuta, paka praima ya chuma kwa brashi ndogo sana au ncha ya kijiti cha meno, iache ikauke vizuri. Kisha rangi, tabaka nyembamba, subiri ikauke, nyingine tena, mpaka ikaribie usawa wa rangi ya zamani. Mwisho klia. Ukipaka tone moja nene umalize haraka, linakaa kama kipele na halikauki ndani.

Rangi usinunue kwa macho. "Nyeupe" sio jina la rangi. Kwenye Toyota nyingi kuna kibati au stika kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya boneti, tafuta palipoandikwa C/TR, namba ya mwanzo ndiyo ya rangi. 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, 1F7 ni silva, 070 ni ile nyeupe ya lulu. Piga picha kibati, nenda nacho kwenye duka la rangi za magari linalochanganya kwa namba, uchukue kiasi kidogo. Hata hivyo gari lililokaa juani miaka 10 limepauka, namba itakukaribisha tu, haitakufikisha kamili. Nyeupe ya kawaida inasamehe. Silva inaonyesha kidogo. Ile ya lulu, mimi naona kwa nyumbani ziba kutu tu uishie hapo, maana ina tabaka la ziada na hutaipata kwa brashi.

Bampa la plastiki halina kutu. Mkwaruzo wa bampa la gari la mizigo uache. Utakwaruzwa tena Alhamisi.

Kuna jambo moja sitaki ubishi. Kununua kompresa ndogo na bunduki ya kupulizia ukapige rangi ya hadina uani kwako, hapana. Hadina nyingi za rangi za magari zina kemikali za isosayaneti, na hizo ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana vya pumu ya kazini. Barakoa ya kitambaa au ile ya vumbi haizuii mvuke wake. Uani kuna watoto, kuna jirani anapika. Hata unapompelekea fundi, mtazame anavaa nini akipuliza. Anayejali mapafu yake huwa anajali na kazi.

Mtaniambia, lakini muonekano unaleta wateja. Ni kweli kwa baadhi yetu. Gari la kukodisha harusi, gari la kupeleka wageni airport, hapo mteja analipia na macho, mpeleke fundi mzuri, hiyo ni gharama ya biashara kama gharama nyingine. Lakini mwenye Kirikuu ya viazi, mteja wake anauliza umefika saa ngapi. Kama una laki moja na nusu na matairi ya mbele yameisha, tusijadili mkwaruzo.

Na kuhusu kuuza, hapa ndipo wengi wanaona nakosea. Wanasema piga rangi kwanza gari lipendeze, ndio uuze. Mnunuzi mjanja wa leo anakuja na sumaku. Anaipitisha mlangoni, ikikataa kushika anajua hapo kuna puti, na kuanzia hapo anaamini gari zima liligongwa, hata kama ulikuwa unaficha mkwaruzo wa geti. Dalali naye anapata pa kukukatia bei. Mlango wenye mkwaruzo mdogo na rangi yake ya kiwandani unajieleza wenyewe. Mlango mpya unaowaka tofauti na fenda yake unaleta maswali. Mimi ningeuza na mkwaruzo wangu, nimeupiga polishi, nimeuonyesha mwenyewe kabla hajauona.

Kuhusu vifaa, chupa moja ya kompaundi haiishi kwa gari moja. Madereva watatu wa kijiwe kimoja mkichanga mnanunua seti nzima na mnaitumia muda mrefu. Najua mmoja wenu ataanza kufanyia na wengine kwa malipo, na sioni ubaya, ni kazi ya mtaji mdogo. Ila kabla hujaweka mkono kwenye gari la mtu, zunguka nalo pamoja na mwenyewe, mpige picha kila alama iliyopo, zenye tarehe, umtumie WhatsApp palepale. Mwambie na lipi litafifia tu bila kuisha. La sivyo jioni utadaiwa mkwaruzo wa mwaka juzi.