Mbuni Hayumo: Juu ya Usomaji wa Nembo ya Taifa la Kenya

Umezoeleka mtindo wa kuisoma nembo ya taifa la Kenya kana kwamba ni kamusi: simba wawili ni ulinzi, jogoo ni mapambazuko, mlima ni Kirinyaga, makao ya Ngai, basi, fasiri imekwisha. Mtindo huu, ambao wanafunzi huuhamishia katika riwaya na tamthilia, hauna budi kupingwa, kwani huichukua taashira kuwa jambo lililokwisha kuamuliwa na mchoraji.

Na uchukuliwe huo mlima. Ulaya ililipata jina lake kwa Krapf, aliyeuona mwezi Desemba 1849 akiwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba. Wakamba waliuita Kĩĩnyaa, jina linalohusishwa na mbuni dume: mwamba mweusi wenye theluji nyeupe, mfano wa manyoya yake. Jina la nchi nzima, kwa hiyo, lina asili ya tashbihi ya mtu aliyesimama mbali, upande wa ukame, akitazama. Wanaosisitiza Kirinyaga hawakosei kuhusu Wagikuyu; wanakosea kudhani kwamba mlima una mtazamaji mmoja.

Mbuni ndege hayumo katika nembo. Mbuni wa kahawa umo, miguuni pa simba, pamoja na chai, pareto, mkonge, mahindi na mananasi. (Kiswahili kimefanya kejeli hapa bila kuombwa.) Mkulima wa Mutomo au wa Wote haoni humo mtama, mbaazi wala pojo. Mkonge anaujua, hasa aliye Kibwezi, lakini kama zao la mashamba makubwa aendako kutafuta kibarua. Mahindi anayapanda, na mara nyingi jua huyavuna kabla yake.

Itajibiwa kwamba nembo haiwezi kubeba kila zao. Ni kweli. Lakini uteuzi ndio hasa mada ya uhakiki, na kilichoachwa husomwa pamoja na kilichochorwa. Jogoo mwenye shoka anatosha kuwa ushahidi: alikuwa pia jogoo wa KANU, chama kilichotawala tangu uhuru hadi kiliposhindwa katika uchaguzi wa Desemba 2002. Yule wa chama aliangushwa. Wa kwenye ngao alibaki palepale, na Katiba ya 2010 ikamhifadhi. Mchoro haukubadilika hata mstari mmoja, ila wasomaji wake.

Kwa mtindo unaopingwa hapa, mwanafunzi wa Kitui akiulizwa mlima wa nembo unaashiria nini, kisha akajibu "mbuni", atapewa sufuri.