Fundi asipokuuliza una kilo ngapi, ondoka na baiskeli yako

Kuna swali moja ambalo fundi wa baiskeli anafaa kukuuliza kabla hajashika spana: una kilo ngapi? Kama hajauliza na tayari anakaza springi ya shokabu ya nyuma, chukua baiskeli yako uende zako. Mimi somo hili lilinigharimu kreti mbili za mayai na ngozi ya goti moja.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kabisa. Nikanunua baiskeli ya mtumba, zile za springi mbele na nyuma, kwa sababu ilikaa kama pikipiki na mimi napenda sifa. Kazi ikawa kusambaza mayai kwa vibanda, kutoka Pipeline hadi Tassia, na siku nyingine Mukuru kwa Njenga. Kreti tano kila safari, mayai 150, kama kilo tisa hivi juu ya keria niliyoifunga kwenye bomba la kiti.

Kama unaishi huku sihitaji kukuelezea barabara. Ukishukia Taj Mall (jengo lilibomolewa 2018 lakini makanga bado wanaita jina hilo) uko sawa. Ingia ndani kati ya magorofa uone. Lami inaisha, maji taka yanaanza, na mahali ulipopita jana leo kuna shimo.

Baiskeli ikaanza kurukaruka nyuma. Fundi wa kwanza aliitazama sekunde tano tu. "Buda, springi imelegea." Akazungusha ile nati kubwa ya springi mpaka ikakataa, akachukua mia mbili yake. Nilitoka hapo nikihisi nimekalia jiwe, lakini nikajiambia ngumu ndiyo imara. Siku ya tatu, nikikwepa mkokoteni, gurudumu la nyuma liliingia shimoni, springi ikabonyea ghafla na kunirusha mbele. Mayai 60 chini. Hatua chache kutoka nilipoangukia kulikuwa na matatu imesimama ikibeba watu. Ingekuwa inatembea, sijui kama ningekuwa naandika hapa.

Sasa nielewe vizuri, maana hapa ndipo wengi wetu tunapigwa. Shokabu ina kazi mbili. Springi inabeba uzito wako. Mafuta yaliyo ndani ya mkebe yanapunguza kasi, ili springi ikishabonyea isirudi kwa hasira. Mafuta ya yangu yalikuwa yamevuja zamani, ndiyo maana ilikuwa inarukaruka. Springi haikuwa imelegea. Na hata ingekuwa laini, kukaza nati hakuifanyi iwe ngumu zaidi. Waya ni ule ule, mizunguko ni ile ile. Unachofanya ni kuibana mapema, ikose kuhisi mashimo madogo, halafu likija kubwa ikurudishie nguvu zote bila mafuta ya kuizuia.

Fundi wa pili ni mzee mmoja karibu na Outering. Yeye hakugusa kitu. "Kijana, una kilo ngapi?" Nikamwambia, mzee, sijui. Akanituma kwa mama mwenye mizani kando ya barabara, shilingi kumi: kilo 68. Akauliza nabeba nini, kiasi gani, na napitia wapi. Kisha akatoa rula. Kutoka bolti ya juu ya shokabu hadi ya chini, baiskeli ikiwa tupu, milimita 165. Akaniambia nipande na mzigo ukiwa nyuma, akapima tena: 162.

"Hii shokabu inaweza kubonyea milimita 38," akasema. "Ukikaa inafaa iende kama robo ya hiyo, tisa ama kumi. Yako inaenda tatu. Hapo hata huna shokabu."

Akanionyesha namba iliyoandikwa kwenye springi: 1000. Hiyo ni pauni zinazohitajika kuibonyeza inchi moja. Pengine mwenyewe huko ilikotoka alikuwa jitu la kilo mia. Mzee akachimba kwenye gunia lake akatoa shokabu ya baiskeli iliyokufa, springi namba 750, mafuta bado mazima. Nikapanda, akapima: tisa. Akabonyeza kiti kwa mkono akaachilia. Kikarudi juu polepole, mara moja, kikatulia. Mia nane, dakika arobaini. Tangu siku hiyo nikivunja mayai mawili kwa wiki ni mengi.

Najua kuna msee anasema hayo ni mambo ya wazungu wenye baiskeli za malaki. Ni kweli Ulaya na Marekani kuna karakana ambazo kazi yao ni hiyo tu. Unawatumia shokabu, unawaambia uzito wako na unavyoendesha, wanabadilisha mafuta na vile visahani vyembamba vya ndani mpaka ikufae wewe. Lakini wazo lenyewe si geni kwetu. Boda boda zilianza na baiskeli kule mpakani Busia, na jambo la kwanza wenye baiskeli walifanya ni kuweka mto juu ya keria ili abiria asiumie. Black Mamba ya guka haina shokabu, lakini angalia chini ya kiti utaona springi. Na rula si ya mzungu. Hata mizani ya shilingi kumi si ya mzungu.

Mwingine atasema kaunti itengeneze barabara kwanza. Naunga mkono, na tusichoke kupiga kelele. Lakini mayai yanabebwa kesho asubuhi.

Ugomvi wangu ni na sisi wateja. Yule mzee aliniambia wengi wanakasirika akianza kuuliza maswali. Wanataka kuona spana ikizunguka, ndiyo waamini kazi imefanyika. Kwa hivyo fundi kijana anajifunza haraka kwamba kukaza kunalipa na kupima hakulipi. Halafu kuna vijana kibao wanaopiga baiskeli hadi Industrial Area kila siku kuokoa nauli, na mgongo unaanza kulia kabla hawajafika miaka 30. Tunalipa mia mbili kuumizwa, na tunaona mia tatu ya kupimwa ni wizi.

Kwa hivyo fanya hivi wikendi hii. Bonyeza kiti chako uachilie. Kikiruka mara mbili tatu, shida ni mafuta, usikubali kukaziwa springi. Tafuta rula na rafiki, mpime ukiwa chini na ukiwa umepanda, pamoja na mzigo wako wa kawaida. Kama shokabu yako ni ya upepo, usiipeleke kwenye mashine ya matairi pale petroli. Inataka pampu yake ndogo yenye saa ya kusoma presha. Na usiifungue kwa keja eti umeona video. Nyingine zina gesi ya naitrojeni iliyobanwa ndani, na kifuniko kinaweza kukurukia usoni.

Ukipata fundi anayeuliza una kilo ngapi, jibu vizuri, mlipe, na utuambie yuko wapi. Mimi wangu nimeshampelekea wateja wanne.