KUGEUZA: NENO LIMOJA, MAANA NYINGI

Ndugu zetu wa migodi na wa mji,

Kuna neno moja wakubwa wanalolipenda sana: KUGEUZA. Wanageuza majina, wanageuza sheria, wanageuza franka, na kila mara wanatuambia tupige makofi. Leo tunataka kulitazama neno hili pande zote, kwa maana mtu asiyejua neno linasema nini atauzwa kwa neno hilo.

Mama anageuza samaki juu ya moto: samaki ni yule yule, ila upande wa pili nao unaiva. Mkulima anageuza udongo kwa jembe: wa chini unakuja juu. Fundi wa nguo anageuza kola ya shati lililochakaa: shati linaonekana jipya, kitambaa ni kile kile. Mkalimani anageuza maneno ya Kifransa katika Kiswahili. Mwongo naye anageuza maneno. Na ninyi wa tanuru mnajua kugeuza kulio kukubwa kuliko kote: jiwe linaingia motoni, shaba inatoka, wala hakuna atakayeirudisha kuwa jiwe.

Basi mtu akituambia "tunageuza", tumwulize: Unageuza kama nani? Kama fundi wa kola, ao kama mtu wa tanuru?

Tuhesabu. Mwaka 1908 Congo ya mfalme Leopold II iligeuzwa kuwa koloni ya Ubeleji. Jina la mwenye inchi liligeuka. Kodi ilibaki, na kiboko kilibaki. Mwaka 1952 Wabeleji walitoa sheria ya kuandikisha Wakongomani waliohesabiwa kuwa wamekwisha kugeuka watu wa ustaarabu. Mtu alichunguzwa hata namna anavyoishi nyumbani mwake. Aligeuzwa yeye, mshahara wake haukugeuka kuwa sawa na wa mzungu.

Tarehe 5 Julai 1960, siku tano baada ya uhuru, Jenerali Janssens wa Force Publique aliandika ubaoni mbele ya askari kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Askari wakaasi. Yule jenerali alisema wazi jambo ambalo wengine wanalificha: walitaka bendera igeuke, na amri ibaki palepale.

Mwaka 1966 Elisabethville iliitwa Lubumbashi. Ilikuwa haki, maana mto Lubumbashi ulikuwa hapa kabla ya malkia yeyote. Tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ilipewa kampuni ya serkali, Gécomin, iliyokuja kuitwa Gécamines. Watu walifurahi. Lakini mwaka ule ule kazi ya kuuza shaba ilipewa Société Générale des Minerais, ndugu wa tumbo moja na Union Minière. Kola iligeuzwa! Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaïre. Mwaka 1997 ikarudi kuwa Congo. Mgodi haukuuliza jina, na mchimbaji hakuongezewa bukari kwa jina.

Sasa neno limefika kwenye katiba. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 220, inakataza kugeuza hesabu ya vipindi vya rais na urefu wake. Mwaka 2011 wakubwa waligeuza kifungu kingine: uchaguzi wa rais, uliokuwa wa duru mbili, ukawa wa duru moja tu. Mwaka 2024, huko Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba itawekwa tume ya kufikiri juu ya katiba mpya.

Wengine wanajibu: Katiba iliandikwa na watu, na watu wanaweza kuigeuza. Ni kweli, hatubishani nao. Shati likichanika, lishonwe. Lakini kushona mahali palipochanika ni kitu kimoja, na kukata mfuko ili mwizi apitishe mkono ni kitu kingine. Kifungu cha 220 kilifungwa kwa kusudi, sababu inchi hii ilikwisha kuona miaka 32 ya mtu mmoja. Mlango huo haukufungwa kumzuia raia. Ulifungwa kumzuia mwenye ufunguo.

Neno letu lina mtoto wake, jina lake kigeugeu: mtu wa leo huku, kesho kule. Jana akiwa nje ya serkali alikilinda kifungu. Leo ameingia ndani, kifungu kinamchoma. Wazee walimjua kabla hajazaliwa.

Kwa hiyo, ndugu, wakija kambini ao mjini kutuomba kura ya kugeuza, tusiwafukuze, wala tusiwapigie makofi. Tuwaulize maulizo matatu. Nani anageuza? Kitu gani kinageuka, jina ao kitambaa? Na udongo ukisha kugeuzwa, nani atakuwa juu?

Kama jibu la tatu ni wale wale, basi hakuna kilichogeuka.