Mama wa Lucky Summer na mlipaji asiyeonekana

Mkono mtupu haulambwi. Wazee wetu waliponena hivyo hawakubagua mume na mke, wala hawakusema kwamba mkono wenye kitu ni ule tu utokao nyumbani alfajiri ukarudi magharibi. Siku hizi, katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, wako kina mama wanaotafuta riziki bila ya kuvuka kizingiti cha mlango. Mtoto kalala, chungu ki motoni, na mama yuko kwenye simu au kompyuta yake, akiandika, akiuza, akifundisha, akingojea ujumbe wa M-Pesa. Jambo hili limekwisha ingia katika nyumba zetu za pwani pia. Kabla ya kulisifu au kulilaumu, yafaa tulitazame kwa hesabu na kwa dini.

Tuanze na Lucky Summer, kwa kuwa jina lake humdanganya asiyeijua. Ni wadi katika eneobunge la Ruaraka, Kaunti ya Nairobi. Majirani zake ni Baba Dogo yenye viwanda na Korogocho yenye vibanda, na ng'ambo ya mto Nairobi liko jaa kuu la Dandora, ambalo moshi wake haubishi hodi. Ni mtaa wa watu wa kupanga. Mwezi ukiandama kodi ya nyumba yatakiwa, na kabla ya mwezi kuandama maji na umeme vimekwisha nunuliwa mara kadhaa. Watoto wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu waliokwenda Nairobi kutafuta kazi huoa, huolewa na huzaa katika mitaa kama hii. Kwa hiyo habari ya mama wa Lucky Summer si habari ya watu wa mbali.

HESABU YA KUTOKA NYUMBANI

Wako wanaosema kwamba mama wa namna hii amekimbia kazi. Hebu tufanye hesabu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Qur'ani tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 233, yataja kunyonyesha kwa miaka 2 kamili kwa atakaye kutimiza. Baina ya miezi 3 ya serikali na miezi 24 ya kunyonyesha ipo miezi 21, na hiyo haina mwenyewe. Tena hao ni wenye barua ya kazi. Asiye na barua hata hiyo miezi 3 haijui.

Mama akirudi kazini, sharti amlipe yaya, alipe nauli ya kwenda na kurudi, ale mchana huko aliko, na avae ya kuvaa mbele za watu. Tuseme mshahara wake ni shilingi 20,000. Yaya akichukua 8,000, nauli 5,000, na chakula cha mchana 3,000, kilichobaki mkononi ni shilingi 4,000, na mtoto amelelewa na mwingine. Bei hizi ni za mfano tu, na kila mtu aweza kuweka zake. Lakini wengi wakiziweka zao wataona kwamba mama wa nyumbani akipata hata shilingi 6,000 amempita mwenzake aliyetoka. Hapana uvivu hapo, ni hesabu tu.

Wala si jambo geni. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa tajiri wa biashara, mali yake ikienda Sham mikononi mwa watu aliowaamini, naye yuko Makka. Bibi Zaynab binti Jahsh (R.A.) alikuwa fundi wa mikono, akitengeneza ngozi na kushona, na kipato chake akikitoa sadaka. Kwetu pwani, mahamri ya asubuhi, ukili, achari na kofia za kushona vimesomesha watoto wangapi? Kilicho kigeni leo ni mtu anayelipa. Muuza mahamri alimjua mnunuzi wake kwa jina na kwa ukoo. Mama wa leo mara nyingi hamjui anayemlipa, wala hajui yuko nchi gani. Hapo ndipo penye mambo.

MILANGO MITATU

Mlango wa kwanza ni wa kuuza vitu: madera, viungo, keki, vyombo. Picha yapelekwa kwa simu, pesa yaja kwa M-Pesa, ambayo imekuwapo tangu 2007, na bodaboda apeleka mzigo. Hii ni biashara ya kale katika vazi jipya. Mnunuzi ajulikana na bidhaa yaonekana, na hatari yake kubwa ni ile ile ya dukani, yaani mkopo usiolipwa.

Mlango wa pili ni wa kalamu na jicho la kukodishwa. Mama huandika makala ya kutangaza bidhaa za watu asiowajua, husikiliza sauti akaigeuza maandishi, au huzipa picha majina ili mitambo ya akili bandia ijifunze kuzitambua. Serikali ya Kenya yenyewe imewaita vijana waingie humo kwa mpango wake wa Ajira, ulioanzishwa mwaka 2016. Kazi hizi ni za halali zikiwa kazi yenyewe ni safi. Ubaya wake ni kwamba mlango huo una komeo upande mmoja tu, nalo liko kwa mwenye kazi. Mwezi wa Machi 2024, Remotasks, jukwaa la kampuni ya Kimarekani ya Scale AI, lilifungwa kwa wafanyakazi wa Kenya kwa ghafla. Aliyekuwa akitegemea kazi hiyo kulipa kodi ya nyumba hakuwa na meneja wa kumwendea wala ofisi ya kugonga.

Ndani ya mlango huo huo kimo chumba kingine, nacho kwa muda mrefu kilikuwa na pesa za haraka kuliko vyote. Ni kumwandikia insha mwanafunzi wa Uingereza au Marekani, naye akaitia jina lake na kupewa shahada. Kenya imejulikana sana kwa kazi hii. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, awafuata waandishi hao hadi majumbani mwao. Humo tunaona watu wenye akili kali, wanaojua kuandika juu ya elimu ya kila namna, na wasiokuwa na kazi ya jina lao wenyewe.

Sisi tuliokaa chuoni juu ya mkeka hatuwezi kulipita hili kimya. Kisa ni mashuhuri: Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula, akakuta juu pakavu na ndani pamerowa, akalikataa hilo na kumtenga mwenye kughushi. Insha ya kuuza ni lundo hilo. Juu laonekana jina la mwanafunzi, na ndani kuna jasho la mama wa Nairobi. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2022 kuifanya biashara ya kutoa insha hizo kuwa kosa katika England. Zaidi ya sheria kuna hasara ya dunia. Mama akidhulumiwa malipo hawezi kushtaki, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya siri. Na tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mwanafunzi mvivu amepata mwandishi asiyelala wala asiyedai, na waliokuwa wakiishi kwa insha wamelalamika kwamba kazi zimepunguka.

Mlango wa tatu ni wa kipaji cha mama mwenyewe: mapishi, malezi, ushoni, mafunzo ya tajwidi kwa watoto, hadithi. Huandika au huonyesha kwa picha za kutembea, na watu wakiwa wengi matangazo ya biashara humletea fungu lake. Mlango huu ndio wa heshima zaidi, na ndio wa polepole zaidi. YouTube, kwa mfano, haimpi mtu fungu la matangazo yanayopita katika filamu zake mpaka awe na wafuasi 1,000 na ametazamwa kwa saa 4,000 katika miezi 12. Anayeanza leo asitarajie kulipa kodi ya mwezi ujao kwa njia hii. Mnazi haupandwi Jumatatu ukaangua madafu Ijumaa. Na akianza kuvuna, ajue kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 imeweka ushuru wa asilimia 5, unaokatwa kabla ya malipo kumfikia mkaazi wa Kenya. Katika shilingi 10,000 hizo ni 500. Pendekezo la kwanza lilikuwa asilimia 15, likapunguzwa baada ya makelele.

UJIRA UJULIKANE

Wanavyuoni wetu wamefundisha kwamba ijara haisimami mpaka kazi ijulikane na ujira ujulikane. Mtume (S.A.W.) ameusia mwajiriwa alipwe kabla ya jasho lake kukauka. Mizani hiyo ni ya karne kumi na nne, lakini ukiiweka juu ya kazi za simu utaona haraka ipi ya kushika na ipi ya kuacha. Kazi inayomtaka mama atoe pesa kwanza ndipo aandikishwe si kazi, ni mtego. Vivyo hivyo kazi ya kutumia akaunti iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine wa nchi nyingine. Malipo yaenda kwa mwenye jina, na mama abaki akimwomba. Nayo kazi isiyotaja bei mpaka imalizike imekwisha vunja sharti la kwanza.

Liko na jingine ambalo halionekani katika matangazo ya kazi hizi. Mwajiriwa wa ofisini hukatiwa na mwajiri mchango wa bima ya afya ya SHIF, ulioanza Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya kipato na usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mama wa nyumbani hujilipia mwenyewe. Likizo hana, malipo ya uzeeni hana ila aweke akiba kwa mkono wake. Kwa hiyo zile shilingi 6,000 tulizozisifu hapo juu zisihesabiwe zote kuwa faida. Bando, umeme, bima na akiba vitolewe kwanza.

NAFAKA NI YA NANI?

Hapa nawageukia wanaume wenzangu. Pesa ikianza kuingia kwa simu ya mke, baadhi ya waume huanza kusahau njia ya sokoni. Leo unga umekwisha, "Mama Fulani, tazama simu yako." Kesho karo, kesho kutwa kodi ya nyumba. Mwishowe mke yu mlezi, yu mpishi, yu mwandishi na yu mlishaji, na mume yu mwenye nyumba kwa jina.

Dini haikuacha jambo hili wazi. Katika Suratun Nisaa aya ya 32 twafundishwa kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Aya ya 34 ya sura hiyo hiyo yamtaja mume kwa kutoa katika mali yake. Alichochuma mke ni chake. Akikitoa nyumbani kwa radhi yake ni wema na sadaka, na mume amshukuru, asidai. Kazi iliyokuja kumpunguzia mama mzigo isigeuzwe ikawa mzigo wa pili. Wala mtu asidhani kwamba mwenye kukaa nyumbani anapumzika. Mtoto hajui kwamba mama yuko kazini, ndiyo maana kazi nyingi za namna hii hufanywa usiku wa manane, wakati wengine wamelala.

NA SISI WA PWANI?

Nyaya kubwa za intaneti zilizopita chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika nchi kavu Mombasa mwaka 2009, ndipo zikapanda bara. Mlango uko kwetu kama ulivyokuwa wakati wa majahazi, na kwa mara nyingine shehena yapita mbele yetu kwenda juu. Wapo mabinti zetu waliosoma, wenye staha, ambao wao au wazee wao hawapendi kazi ya kutoka. Kwao njia hii yaweza kuwa faraja kubwa, iwapo wataingia kwa mlango wa tatu kuliko kwa chumba cha insha.

Nao wanacho cha kuuza ambacho mama wa bara hana budi kukinunua kwetu. Unesco ilitangaza mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai iwe siku ya Kiswahili duniani. Lugha imepewa siku, lakini kalamu yake bado yalipwa kidogo, na kazi nyingi za malipo zatakwa kwa Kiingereza. Tusingoje wengine waje kuandika namna ya kupika biriani, ya kumsinga bi harusi, ya kumlea mzazi siku 40, kisha watuuzie sisi wenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipotunga utendi wake mwaka 1858, alimwandikia binti yake, Mwana Hashima, ndani ya nyumba yake. Hakuna aliyemkodi kalamu, na jina lake liko hai mpaka leo. Mwenye kuuza insha kwa siri, hata akiandika elfu, hana moja ya kumwonyesha mwanawe.

Basi mama wa Lucky Summer, na wa Majengo, na wa Mkomani, asizuiwe wala asidharauliwe. Amuulize anayemlipa maswali matatu kabla hajaanza: wewe nani, wataka nini, na utalipa kiasi gani na lini? Akipata majibu, afanye kazi kwa bismillahi. Asipoyapata, bora arudi kwenye mahamri, maana huko angalau mnunuzi aonekana.

Wabillahi taufiq.