Si Kila Akoromaye Amelala



Mwezi huu tunawaletea jambo ambalo wengi wetu hulikwepa: mtu kuzidiwa na dawa za kulevya akiwa kazini. Huenda mwasema, "Hilo halituhusu." Lakini mmoja wetu ana mafundi cherehani barazani kwake, mwingine ana saluni, mume wa mwingine ana gereji. Tena watoto wetu wameajiriwa kwa watu.

Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea kijana mmoja, fundi seremala. Alikuwa ameacha unga kwa miezi mitatu, na mama yake ndiye aliyemtafutia kazi. Siku ya mshahara wa kwanza wenzake walimkuta amelala nyuma ya mbao, anakoroma. Wakasema, "Mwacheni alale, amechoka." Waliporudi kutoka kula, alikuwa kimya. Alifika kwetu ameshakata roho. Wenzake hawakuwa watu wabaya, hawakujua tu.

Unga, yaani heroini, na dawa kali za maumivu za jamii yake, kama mofini, pethidini na tramadoli, huulegeza ubongo hata usahau kuamuru mapafu. Pumzi hupungua, kisha hukoma. Aliyeacha kwa muda yumo hatarini zaidi, kwa kuwa mwili umepoteza mazoea, na kipimo chake cha zamani sasa chaweza kumuua. Mama ambaye mwanao ametoka jela au nyumba ya kurekebishia tabia, lijue hilo. Wala si watumiaji wa unga peke yao. Mwashi anayemeza vidonge vya mgongo kupita kipimo, kisha akaongeza pombe, yumo katika hatari hiyo hiyo.

Dalili ni tatu: haamki hata akiitwa na kutikiswa, anapumua kwa shida na polepole, au anakoroma kama mwenye maji kooni, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Tazameni pia midomo, ufizi na kucha, kama zimegeuka rangi.

Fanyeni hivi:

1. Mwiteni kwa nguvu na kumsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole.

2. Asipoamka, mmoja atafute gari na kupiga simu hospitali mara moja.

3. Mlazeni chali, inueni kidevu, bana pua, mpulizie pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano. Kama hapumui kabisa, aliyejifunza huduma ya kwanza aongeze kubonyeza kifua.

4. Akipumua mwenyewe, mlazeni ubavu, wala asiachwe peke yake.

Msimnyweshe maziwa, atapaliwa. Msimmwagie maji wala kumdunga maji ya chumvi.

Iko dawa iitwayo naloksoni, ya sindano au ya kupuliza puani. Hurudisha pumzi kwa dakika chache, wala haimdhuru ambaye hakutumia dawa hizo. Lakini nguvu yake yaweza kuisha kabla ya unga kuisha mwilini, kwa hiyo hospitali ni lazima. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri wapewe hata watu wa kawaida wanaoweza kumkuta aliyezidiwa. Marekani imeruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari tangu 2023. Ulizeni kituo chenu cha afya kama inapatikana.

Basi jioni hii, muulize baba watoto: kule kazini nani amefundishwa kupuliza pumzi? Namba ya hospitali imeandikwa ukutani? Gari la nani litatumika? Tena wafanyakazi waambiwe wazi kwamba anayeita msaada hatafukuzwa kazi. Wanaoogopa kufukuzwa ndio wanaomficha mwenzao nyuma ya mbao.

Na ukimkuta mtu anakoroma mchana kazini, mwamshe. Akikukasirikia, mshukuru Mungu, ameamka.