Mgongo wa Miles, Meno ya Armstrong

Kuna porojo moja ya mashabiki wa jazi inayonichosha: eti Miles Davis aliwapa watu mgongo jukwaani kwa kuwa alikuwa gwiji, naye Louis Armstrong aliwakenulia meno kwa kuwa alikuwa kibaraka wa wazungu. Wanaoipiga aghalabu ni watu wasiojua wimbo wowote wa Armstrong isipokuwa ule wa uzeeni, wa kusifu dunia.

Tuanze na huyo wa kucheka. Mwaka 1928 alirekodi "West End Blues". Pale mwanzo anapiga tarumbeta peke yake, sekunde chache tu, bendi imenyamaza, na kila mpiga jazi aliyesimama mbele ya wenzake baada ya hapo ana deni kwake. Miles mwenyewe hakulificha deni hilo. Kilichomkera ni yale meno.

Basi meno hayo yalijua kuuma. Septemba 1957, gavana wa Arkansas alipowazuia wanafunzi weusi kuingia shule ya upili huko Little Rock, Armstrong alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba Rais Eisenhower hana ujasiri, kisha akakataa safari ya Muungano wa Kisovieti ambayo serikali ilitaka kumtuma. Kwa miaka mingi pia hakupiga New Orleans, mji uliomzaa, kwa sababu sheria ya huko ilikataza weusi na weupe kupiga pamoja jukwaani. Kibaraka gani huyo?

Miles naye simnyimi haki yake. Agosti 1959, mwaka uleule wa "Kind of Blue", polisi walimpasua kichwa nje ya klabu ya Birdland, New York, usiku ambao yeye ndiye aliyekuwa akitumbuiza humo. Ukipigwa hivyo, una sababu ya kununa. Lakini tuseme yote. Miles alikuwa mtoto wa daktari wa meno mwenye mali. Armstrong, mtoto wa ufukara, alifunzwa koneti katika nyumba ya kurekebishia watoto. Kununa mbele ya anayekulipa ni anasa, na si kila mtu alizaliwa nayo.

Ubaya ni kwamba tumeigeuza hiyo nuna kuwa cheti cha kipaji. Katika kitabu cha maisha yake cha 1989 Miles anasimulia jinsi alivyowapiga wanawake, na kuna watu husoma kurasa hizo kama kiungo cha mchuzi. "Miles bana!" Mkewe, Frances Taylor, alikuwa akicheza dansi katika "West Side Story" pale Broadway. Miles akamtoa. Sura yake iko kwenye jalada la "Someday My Prince Will Come", na sisi tunalisifia jalada.

Halafu kuna Clifford Brown, ambaye hatajwi sana mezani. Tarumbeta yake ilikuwa safi kama maji ya mtungi, hakutumia dawa za kulevya, wenzake walimpenda. Sonny Rollins amesema kwamba Brown ndiye aliyemwonyesha kuwa mtu anaweza kuishi maisha safi na bado apige jazi ya maana. Alikufa kwa ajali ya gari Juni 1956, akiwa na miaka 25. Mtaniambia alikufa mapema mno. Ni kweli, alirekodi kwa miaka michache tu. Lakini Charlie Parker alikufa mwaka mmoja kabla, akiwa na 34, na heroini yake ikawa nusu ya hadithi yake. Upole wa Clifford haukumuuzia hata fulana.

Majuzi hapa Nairobi nilienda kumsikiliza kijana mmoja wa saksafoni. Alichelewa saa mbili, hakuomba radhi, akamfokea mpiga drams mbele yetu sote. Jirani yangu akaninong'oneza, amefurahi kabisa: "Huyu sasa ndiye msanii!" Kijana akapiga mbio mbio, akapotea katikati ya wimbo. Yule wa drams, uso umemshuka, alipunguza mkono, akamsubiri, akamrudisha polepole mpaka wakamaliza pamoja. Jina lake halikuwa kwenye bango.